Sura ya Saba: Mahali pa Kumwaga Maji

Kuanzia Juni hadi katikati ya Oktoba, Masii hukaa bila mvua ya maana. Udongo mwekundu hukauka ukawa unga, na gari lolote linaloiacha lami ya barabara ya Machakos kwenda Kitui na kuingia njia ya udongo huinua wingu ambalo humfanya mwenye kibanda afunike mandazi yake kabla halijamfikia. Miezi hiyohiyo ndiyo ya kujenga. Fundi hapendi mvua: msingi hujaa maji, lori la mchanga hukwama, mifuko ya saruji hushika unyevu stoo ikaganda. Kwa hiyo kila kazi ya mjengo inayozaa vumbi, kuanzia kusawazisha kiwanja na kuchimba msingi hadi kushusha kokoto, kukata mawe na kuchanganya saruji, hurundikana katika kipindi ambacho maji ni adimu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Vitabu vya usalama kazini vina jibu moja jepesi: mwagia maji. Vingi viliandikwa katika nchi ambazo mfereji ukifunguliwa hutoa maji, na mvua hunyesha hata Agosti. Huku Masii mtungi wa lita 20 una bei yake, na ukame ukikaza bei hupanda na safari ya punda hurefuka. Mama aliyeamka alfajiri kufuata maji, akikutana na bauza likimwaga maelfu ya lita barabarani ili yakauke kabla ya adhuhuri, ana haki ya kuuliza ni nani aliyepanga mambo hivyo.

Nimeandika sura hii kwa sababu naamini swali lake lina jibu. Maji ya kuzuia vumbi linaloua yapo Masii hata Septemba, nayo ni machache kuliko watu wanavyodhani. Tatizo ni kwamba tunayamwagia vumbi linalotuudhi, na lile linaloua tunaliacha liende zake.

Tuanze na tofauti ya hayo mawili. Unywele wa binadamu una unene wa takriban mikromita 70. Sehemu kubwa ya vumbi tunaloliona likiinuka nyuma ya lori ni chembe nzito. Hutua juu ya nguo zilizoanikwa, huingia machoni, hujaa puani, na jioni mtu akipenga kamasi hutoka nyekundu. Huyo mtu ameudhika, na kama ana pumu anaweza kuumwa kweli, lakini pua na koo zimefanya kazi yake. Chembe zilizo chini ya mikromita 10 hupita koo. Zile zilizo chini ya mikromita 4 au hivi hufika mwisho kabisa wa pafu, kwenye vifuko vidogo ambako hewa hukutana na damu. Hizo hakuna jicho linaloziona. Fundi anaweza kusimama katikati yake akidhani hewa imetulia kwa sababu wingu limekwisha, kumbe chembe ndogo kuliko zote bado zinaelea mbele ya uso wake na zitaendelea kuelea kwa muda mrefu.

Ukubwa wa chembe ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kile zilichotengenezwa nacho, na hapa Ukambani ina hali yake. Miamba yetu ni ya kale mno, ya ukanda ambao wanajiolojia huuita Ukanda wa Msumbiji, na sehemu kubwa yake ni naisi, mwamba wenye kwatzi nyingi. Mvua za maelfu na maelfu ya miaka zimeumung'unya mwamba huo na kuushusha mtoni, na mchanga tunaochota kwenye mito ya msimu kwa ajili ya kujengea ni kwatzi hiyohiyo kwa sehemu kubwa. Kwatzi ni silika. Ikiwa chembe ya mchanga haina neno: watoto huichezea. Ikisagwa na diski ya grainda inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, inakuwa kitu kingine. Mchanga umo ndani ya zege, umo ndani ya bloku, umo kwenye plasta. Kila mara fundi anapokata bloku ikiwa kavu, anapochonga mfereji wa nyaya ukutani, au kijana wa mkono anapofagia sakafu ya zege kwa ufagio mkavu, silika iliyosagwa huingia hewani.

Ndani ya pafu, seli za ulinzi huimeza silika zikidhani ni kijidudu. Haiwezi kuyeyushwa. Seli iliyoimeza hufa, silika huachiliwa, nyingine huja kuimeza nayo hufa, na kila mahali vita hivyo vinapopiganwa hubaki kovu. Makovu yakiungana, pafu hukakamaa. Ugonjwa huo ni silikosisi, na hauna tiba. Kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi kujionyesha, na vumbi likiwa zito sana huweza kuja mapema zaidi. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka silika ya kazini, ile inayovutwa kwa pumzi, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Na jambo ambalo Mkenya anapaswa kulisikia kwa uzito wake ni hili: pafu lenye silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko pafu la kawaida.

Hakuna lililo jipya katika habari hii. Georgius Agricola, katika kitabu chake cha migodi kilichochapishwa mwaka 1556, aliandika juu ya wanawake wa milima ya Carpathia walioolewa na waume saba mmoja baada ya mwingine, wote wakiuawa na vumbi. Mwaka 1700 Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia, aliwataja wachonga mawe katika kitabu chake cha magonjwa ya wafanyakazi. Mwaka 1930 wataalamu wa silikosisi walikutana Johannesburg chini ya Shirika la Kazi Duniani, na mwaka huohuo, huko West Virginia nchini Marekani, ukaanza kuchimbwa mfereji wa chini ya ardhi wa Hawk's Nest kwa ajili ya umeme wa maji. Mwamba wake ulikuwa karibu silika tupu. Kuchoronga mwamba ukiwa umeloa kulijulikana kuwa ni salama zaidi, lakini kuchoronga mkavu ni haraka, na mwenye kazi alikuwa na haraka. Wafanyakazi wengi walikuwa Wamarekani weusi waliofuata kibarua kutoka kusini. Bunge la Marekani lilipochunguza mwaka 1936 lilitajiwa vifo 476. Uchunguzi wa baadaye ulikadiria kuwa walikufa zaidi ya 700.

Nimekaa na Hawk's Nest kidogo kwa sababu uamuzi uliowaua watu wale ndio unaofanywa kila siku kwenye mjengo wa ghorofa moja: kata mkavu, tumalize.

Wachimba dhahabu wa Afrika Kusini, wakiwemo wengi waliotoka Lesotho na Msumbiji, walipigania haki yao kwa miaka mingi, na Julai 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya fidia ya takriban randi bilioni 5. Walifaulu kwa sababu mgodi una mwenyewe, una lango, una daftari la majina. Kijana wa Masii anayekata mawe hana daftari. Wiki hii yuko kwa mjengo wa duka karibu na stendi, wiki ijayo shuleni, mwezi ujao Wamunyu, kisha Kitengela au Nairobi. Kifua kitakapombana akiwa na miaka 45, atakuwa amefanya kazi kwa watu ishirini au hamsini, na hakuna hata mmoja atakayeona kwamba deni ni lake. Hata nchini Uingereza, ambako wakaguzi ni wengi, taasisi ya usalama kazini imekadiria kwamba wajenzi takriban 500 hufa kila mwaka kutokana na silika waliyoivuta zamani. Sisi hatuhesabu.

Sheria haikosekani. Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na Ibara ya 70 inamruhusu aende mahakamani haki hiyo ikivunjwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Jedwali la Nne la Katiba hiyo linaitaja waziwazi kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa kuwa ya serikali ya kaunti. Kwa maneno mengine, vumbi la Masii ni la Machakos kabla ya kuwa la Nairobi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 1999 iliunda NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na kuipa uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira dhidi ya mchafuzi. Kanuni za Ubora wa Hewa za 2014 zikafuata, na ndani yake vumbi lisilo na bomba, lile linalotoka kwenye rundo la mchanga au nyuma ya lori, liliguswa pia. Kwa upande wa mfanyakazi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri achukue kila hatua inayowezekana kuwakinga watu wake wasivute vumbi linalodhuru, na kanuni za usalama wa ujenzi zimekuwepo tangu 1984. Sheria ya Afya ya Umma inamruhusu afisa wa afya kushughulikia kero yoyote inayodhuru majirani.

Kwa vumbi laini lenye chembe zisizozidi mikromita 2.5, kanuni hizo za 2014 ziliweka ukomo wa wastani wa mwaka wa mikrogramu 35 kwa mita moja ya ujazo wa hewa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unasema 5. Pengo hilo lina maelezo yake ya kiuchumi, na ninayaelewa. Ila kwa mjengo wa Masii namba zote mbili ni za mbali, kwa kuwa hakuna anayekuja na kipimo.

Kinachotokea kwenye mamlaka zinazosimamia sheria hizi ni kwamba kila moja inashika pembe yake. NEMA huangalia mazingira na majirani. Kurugenzi ya usalama kazini, ambayo watu wa mjengo huijua kama DOSHS, huangalia mfanyakazi. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, husajili mradi na mkandarasi. Kaunti hutoa idhini ya kujenga chini ya sheria ya mipango ya 2019, na michoro hupitia kwa afisa wa afya ya umma. Mradi mkubwa wa barabara au wa bwawa huwakuta wote. Duka la vyumba vinne la mwalimu mstaafu humkuta mmoja, kwa kawaida siku ya kupigiwa mhuri michoro. Baada ya hapo ni fundi, vijana wa mkono, na jirani mwenye hoteli anayekuja hadi kwenye mabati kulalamika.

"Fundi, mchanga wenu unaingia kwenye chakula cha watu."

"Pole mama, jioni tutaufunika."

Jioni hiyo haifiki, na sababu yake si roho mbaya ya fundi. Turubai halimo kwenye hesabu aliyokubaliana na mwenye nyumba.

Kwa muda mrefu macho ya Machakos kuhusu vumbi yameelekezwa Athi River, kwenye viwanda vya saruji, na ni sawa. Kiwanda kina bomba refu, kina jina langoni, na malalamiko yana pa kupelekwa. Lakini saruji ikishatoka langoni kwa mifuko ya kilo 50 huja kufunguliwa huku, kwa kisu, na kijana anayeiinua hadi kifuani na kuimwaga chini kwa nguvu. Wingu linalomvaa halijawahi kuandikiwa barua na mtu yeyote.

Kabla sijasema la kufanya, nataka kurudi nyuma, kwa kuwa Machakos imewahi kupewa amri juu ya udongo wake na amri ikashindwa. Katika miaka ya 1930 milima ya Ukambani ilikuwa imechubuka vibaya. Colin Maher, afisa wa kuhifadhi udongo, aliandika ripoti ya kutisha mwaka 1937 juu ya mmomonyoko wa hapa. Serikali ya kikoloni ikaamua kwamba dawa ni kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Ng'ombe wakakamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama kikiwasubiri Athi River. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi, wakakaa huko wakitaka kumwona gavana. Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ililazimika kuachana na ukamataji ule wa ng'ombe.

Udongo ulikuja kuokolewa baadaye, kwa njia nyingine. Watu walichimba matuta ya fanya juu kwenye mashamba yao, mara nyingi kwa vikundi vya kusaidiana vya mwethya, kwa sababu tuta lilishika maji ya mvua na shamba likazaa zaidi. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipochapisha utafiti wao mwaka 1994, walionyesha kwamba kati ya 1930 na 1990 idadi ya watu wa Machakos ilikua zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ukapungua. Ukipita leo kutoka Machakos mjini kwenda Masii unayaona matuta hayo kila upande.

Tukio hilo linanifanya nisiamini amri ya kumwagia kiwanja chote maji mara mbili kwa siku, hata ikiandikwa kwenye barua ya kaunti yenye mhuri. Inachukua kitu cha thamani na kukimwaga mbele ya watu wanaokihitaji, bila wao kuona faida. Itavunjwa, na watakaoivunja watakuwa na hoja.

Kuna jambo jingine linalozidisha uzito wa maji haya. Mito ya msimu ya hapa huonekana mikavu, lakini chini ya mchanga wake kuna maji. Mchanga ni ghala: mafuriko ya Novemba hujaa ndani yake, na Agosti watu huchimba visima vya mkono wakayapata. Mabwawa ya mchanga yaliyojengwa kote Ukambani, kwa ukuta wa zege unaokatiza mto, yanafuata elimu hiyohiyo. Mchanga huo ndio unaopakiwa kwenye malori kwenda mijengoni. Mto ukichotwa hadi mwamba, maji ya mvua hupita kwa siku mbili tatu yakaishilia Athi, na kijiji hubaki na kiu. NEMA ilitoa miongozo ya uchotaji mchanga mwaka 2007, na jirani zetu wa Makueni walipitisha sheria yao mwaka 2015. Mjengo unaokuja kuomba maji ya kutuliza vumbi, basi, unayaomba kwenye mto ambao ujenzi wenyewe umeupunguzia ghala. Mwenye nyumba anayenunua mchanga bila kuuliza umetoka wapi anahusika na vumbi la mwaka ujao.

Sasa hesabu. Mashine ya petroli ya kukatia mawe na zege, ile yenye mrija wa maji unaolenga diski, hufanya kazi vizuri ikipata angalau nusu lita ya maji kwa dakika. Mtungi mmoja wa lita 20 unatosha dakika 40 za kukata. Kwenye mjengo wa kawaida diski haizunguki mfululizo: fundi hukata, huweka, hupima, hurudi. Dakika 40 za kukata kwelikweli zinaweza kuwa kazi ya nusu siku au hata siku nzima. Kwa mitungi miwili kwa siku, vumbi baya kuliko yote kwenye mjengo hugeuka tope na kuanguka chini. Bauza la lita 10,000 linalomwagwa barabarani Septemba ni mitungi 500, na jua la Masii hulimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Onyo moja hapa haliwezi kungoja. Grainda ya kawaida ya umeme haimwagiwi maji. Haikutengenezwa kwa hilo, na fundi anayeshika chupa mkono mmoja na grainda mkono wa pili anaweza kufa kwa umeme leo badala ya silika baada ya miaka. Mwenye grainda tu ana njia nyingine. Agiza mawe na bloku za vipimo sahihi, pamoja na nusu bloku, ili ukataji upungue. Pasua kwa nyundo na tindo, kazi ambayo mafundi wetu wa mawe wanaijua tangu zamani na ambayo hutoa vipande na vumbi lisilo laini kama la diski. Ikibidi kukata, kata nje, mbali na wenzako, upepo ukiwa mgongoni, na uvae barakoa ya kweli, yenye alama ya N95 au FFP2 kwenda juu, inayobana uso. Leso iliyofungwa puani huzuia vumbi linaloonekana na kumpa kijana imani ya uongo juu ya lile jingine.

Ufagio mkavu uondoke kwenye mjengo. Sakafu inyunyiziwe kwa mkono kabla ya kufagiwa, na kikombe kimoja au viwili vya maji hutosha chumba. Mfuko wa saruji ufunguliwe ukiwa umelala chini, uinuliwe kidogo na kuachwa umwagike polepole. Hilo halihitaji hata tone.

Vumbi lile jingine, la kuudhi, linaweza kushughulikiwa karibu lote pasipo maji. Lori likipunguza mwendo kwa nusu, vumbi lake hupungua kwa kiasi cha namna hiyohiyo, kwa hiyo kilomita 20 kwa saa kwenye njia ya udongo ni dawa isiyo na gharama. Mchanga na kokoto vifunikwe turubai njiani na vifunikwe tena kiwanjani. Nyasi na vichaka vising'olewe kiwanja kizima siku ya kwanza kwa sababu tingatinga limekodishwa. Kila hatua ya ardhi itakayokaa miezi mitatu bila kujengwa ibaki na majani yake. Mabati ya kuzungushia yawe marefu kuliko rundo la mchanga. Kokoto kidogo zikitandazwa langoni, magurudumu hayatoki na udongo. Kazi ya kushusha ifanywe asubuhi, kabla ya upepo wa alasiri. Kwa barabara ndefu kuna molasi, ambayo hushikanisha udongo kwa muda mrefu kuliko maji, lakini husafirishwa kutoka viwanda vya sukari vya magharibi, na sijashawishika kwamba inafaa kwa kazi ndogo.

Watu wengi wataniambia kwamba hata mitungi miwili haipatikani. Nawajibu kwa kuwaonyesha zege. Kila slabu ikimwagwa Masii, hata katikati ya ukame, humwagiliwa maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima ili ishike nguvu. Mawe huloweshwa kabla ya kupangwa ili yasinyonye maji ya mota. Mapipa yapo, maji yapo, na kijana wa kumwagilia yupo. Hakuna mwenye nyumba anayelalamika, kwa kuwa zege isiyomwagiliwa hupasuka na kila mtu huona. Maji hayo yameandikwa kwenye BQ, yaani orodha ya kazi na vifaa vyenye bei, au yamo kwenye bei ya fundi kwa mazoea. Kwenye mjengo, kilichoandikwa kwenye BQ hufanyika, na kisichoandikwa huachwa kwa hisani ya mtu aliyechoka.

Kwa hiyo naiomba kaunti ya Machakos iache kuandika sentensi ile pana ya kila idhini, kwamba mkandarasi atadhibiti vumbi. Iandike vitu vyenye bei: turubai la ukubwa fulani, mabati ya kuzungushia, mitungi miwili ya maji kwa kila siku ya kukata, barakoa kadhaa za N95, na kikomo cha mwendo wa malori. Mkadiriaji aviweke kwenye BQ kama anavyoweka misumari. Kwa nyumba ndogo isiyo na mkadiriaji, fomu ya ukurasa mmoja inayobandikwa kwenye mchoro inatosha. Jumla yake, kwa duka la vyumba vinne, itakuwa sehemu ndogo sana ya bei ya mabati ya paa. Afisa wa afya ya umma, ambaye tayari amesoma michoro, aje mara mbili: siku ya kushusha mchanga na siku ya kukata. Hana haja ya kipimo cha hewa. Turubai lipo au halipo, na mtungi uko kando ya mashine au hauko.

Na kuna jambo la upande wa hospitali ambalo halingoji sheria mpya. Mwanamume wa miaka 40 akifika zahanati na kikohozi cha mwezi mzima, huchunguzwa kifua kikuu, na inapaswa kuwa hivyo. Makohozi yakikosa vijidudu mara mbili, tatu, na bado hapati nafuu, aulizwe amefanya kazi gani tangu alipoacha shule, na kama amewahi kukata mawe au zege, na kwa miaka mingapi. Akisema ndiyo, apelekwe hospitali ya Machakos Level 5 kwa picha ya kifua, na jibu liandikwe kwenye faili pamoja na kazi yake, si umri na kijiji pekee. Faili za namna hiyo zikikusanywa kwa miaka michache, kaunti itakuwa na daftari ambalo mjengo haujawahi kumpa kibarua wake.